Pongezi kwa Mafundi wa Picha
Miongoni mwa kazi zinazostahiki sifa ni ya studio za picha, na sina budi kuitaja Capital Art Studio ya Unguja, iliyofunguliwa mwaka 1930 na Ranchhod Oza na kurithiwa na mwanawe Rohit. Enzi za filamu, mwanagenzi wa fani hii alianza kwa kuijua nuru: juani, kwa filamu ya ISO 100, tundu la lenzi liliwekwa kwenye f/16 na kasi ya shata kwenye 1/125 ya sekunde, na kivulini tundu lilipanuliwa; kisha aliingia chumba cha giza, akaitazama karatasi ndani ya dawa, chini ya taa nyekundu, ikidhihirisha kwanza nyusi, halafu macho, halafu mikunjo ya kanzu. Mafundi waliowafunza wanagenzi wao kwa subira mpaka wakaijua saa halisi ya kuitoa karatasi ile nawapa taadhima yangu yote.