Sauti ya Saba: Zeze la Kigogo na Migawanyo ya Elimu

Katika nchi ya Ugogo, tangu Mpwapwa na Mvumi hata kushuka Mtera, mahali ambapo bwawa la Mto Ruaha Mkuu hutenga Dodoma na Iringa, kuna muziki ambao wengi wameusifu na wachache wameueleza. Msikilizaji mgeni husema kwamba Wagogo wana kipaji cha kuzaliwa. Kwamba huimba sauti nyingi kwa pamoja kana kwamba hawakufundishwa na mtu. Kwamba zeze na ilimba zao zina utamu wa ajabu. Maneno hayo husemwa kwa nia njema, lakini yana kasoro moja: hukoma pale pale ambapo uhakiki ulitakiwa uanze. Jambo likishaitwa la kuzaliwa huonekana halina haja ya kuchunguzwa, na lisilochunguzwa halifundishwi.

Zeze ni chombo cha watu wasiokuwa na fedha ya kununua vyombo. Kibuyu au kibia cha mti huwambwa ngozi, fimbo hutiwa kuwa shingo, uzi mmoja au zaidi hukazwa, na uta mdogo huvutwa juu yake. Msomaji na atazame uzi mmoja tu. Unapotetemeka, haufanyi kazi moja. Hutetemeka wote mzima, na papo hapo nusu zake mbili hutetemeka kila moja peke yake, na theluthi zake tatu, na robo zake nne, na kuendelea. Kama uzi mzima hutetemeka mara 100 katika sekunde moja, basi ndani ya sauti hiyo hiyo mna mitetemo ya 200, ya 300, ya 400, na kadhalika, kila moja ikiwa dhaifu kwa kadiri yake lakini imo. Sikio la kawaida husikia sauti moja nene. Sikio lililozoezwa husikia safu.

Katika safu hiyo ndimo muziki wa Kigogo ulimojenga nyumba yake. Waliouchunguza kwa makini, kama Gerhard Kubik wa Austria na Polo Vallejo wa Hispania, wameonyesha kwamba ngazi ya sauti za Wagogo yafuata mpangilio huo wa maumbile, nayo hukwea hata kwenye sauti za juu: ya sita, ya saba, ya nane, ya tisa. Kwa mfano wa uzi wetu, hizo ni sauti za mitetemo 600, 700, 800 na 900. Ajuaye kujumlisha ataona mara moja kwamba zimepandana kwa hatua zilizo sawa kwa hesabu, yaani 100 kila mara, ingawa kwa sikio hatua hizo huzidi kufupika kadiri zinavyopanda. Hapo tayari pana somo la uwiano ambalo kitabu cha hesabu kingelifurahia, na pana swali la sanaa ambalo hesabu peke yake haiwezi kulijibu: kwa nini hatua zinazofupika hupendeza?

Sasa na ije piano, au kinanda cha kanisani. Mafundi wa Ulaya waliigawa njia ya kutoka sauti moja hadi maradufu yake katika sehemu kumi na mbili zilizo sawa kwa sikio, ili wimbo mmoja uweze kuhamishwa juu au chini bila ya kuharibika. Ni mapatano ya busara, na muziki mwingi mkubwa umejengwa juu yake. Lakini ni mapatano, si amri ya maumbile. Sauti ya 400 ikichukuliwa kuwa msingi, piano itatoa karibu 599 mahali pa 600, na hapana sikio litakalolalamika. Mahali pa 900 itatoa karibu 898. Mahali pa 800 haitakosea hata kidogo. Lakini mahali pa 700, yaani pale penye sauti ya saba, kibonyezo kilicho karibu kuliko vyote hutoa karibu 713. Tofauti hiyo hufika karibu theluthi moja ya hatua iliyopo baina ya kibonyezo kimoja na cha pili. Si jambo la kufichika. Huonekana wazi kama kiraka cheupe katika nguo nyeusi.

Maana yake kwa mtoto ni hii. Msichana wa Mtera aliyekua akisikia sauti ya saba katika zeze, katika ilimba na katika vinywa vya mama zake, akiingia darasani au kanisani akaimba kama alivyosikia, atapimwa kwa kinanda. Kinanda kitasema ameshuka. Mwalimu ataamini kinanda, kwa kuwa kinanda kimetengenezwa kiwandani na msichana ametengenezwa nyumbani. Atamrekebisha kwa upole au kwa ukali, naye atajifunza jambo moja ambalo halimo katika muhtasari wa somo lolote: kwamba sikio la kwao ni bovu. Mwalimu huyo hana ubaya. Amesoma muziki bila ya fizikia. Mwenzake wa chumba cha pili, anayefundisha mitetemo na mawimbi, angaliweza kumthibitishia kwa hesabu ya dakika tano kwamba msichana hakukosa. Lakini yeye naye amesoma fizikia bila ya muziki, na nyimbo za wanafunzi wake humfikia kama kelele za dirishani.

Ndiyo sababu hoja ya kuunganisha hesabu, sayansi, sanaa na taaluma za utu haifai kuchukuliwa kama pambo la hotuba za mahafali. Pale Mtera hoja hiyo ina haki ya mtu ndani yake.

Mtera penyewe, kwa bahati, pana mfano mwingine wa jambo hilo hilo. Bwawa lilijengwa kwanza ili kuhifadhi maji ya mitambo ya Kidatu iliyo chini zaidi mtoni. Baadaye, mwaka 1988, Mtera nako kukaanza kuzalisha umeme kwa mitambo miwili ya megawati 40 kila mmoja. Umeme wa Tanzania hubadili mwelekeo wake kwa mizunguko 50 katika sekunde. Chuma kilicho ndani ya transfoma hutikiswa mara mbili katika kila mzunguko, na kwa hiyo transfoma huvuma kwa mitetemo 100 katika sekunde, na juu ya mvumo huo zimo 200, 300 na nyinginezo. Ni safu ile ile ya uzi wa zeze. Mhandisi huziita sauti hizo za juu usumbufu, naye hujitahidi kuzipunguza kwa kuwa hupoteza nguvu na kuchosha vyombo. Mpiga zeze huziita wimbo, naye hujitahidi kuzitoa. Watu wawili wamegawana hesabu moja katika tarafa moja, na yamkini hawajapata kuongea.

Zamani mgawanyo huu haukuwa hivi. Katika elimu ya Wayunani, na baadaye katika elimu ya Waarabu ambayo watu wa pwani yetu walipata kuionja, muziki ulihesabiwa miongoni mwa matawi ya hisabati. Al-Farabi aliupanga hivyo. Na hata huko Ulaya katika karne ya kumi na tisa, Hermann von Helmholtz, aliyekuwa tabibu na mwanafizikia, alitoa mwaka 1863 kitabu kikubwa juu ya sauti na sikio ambacho wanamuziki bado hukitaja. Mgawanyo ulikuja na mitihani na ofisi. Kwetu umekuja na herufi tatu tatu. Mwanafunzi anayeingia kidato cha tano huwa wa Fizikia, Kemia na Hisabati, au huwa wa Historia, Kiswahili na Kiingereza, na tangu siku hiyo huulizwa “wewe ni wa upande gani?” kama aulizwavyo mtu kabila lake. Mwaka 2024 Serikali iliongeza tahasusi nyingi mpya, na sanaa na muziki vikapewa nafasi ambayo havikuwa nayo. Ni hatua ya kushukuriwa. Hata hivyo kuongeza vyumba katika nyumba si sawa na kufungua milango baina yake, na muziki unaweza kukaa katika chumba chake kipya bila ya kubisha hodi kwa jirani.

Wasomaji wa ushairi hawatakiwi kucheka wanahesabu katika jambo hili, maana ugonjwa wao ni ule ule. Mathias Mnyampala, aliyezaliwa Ihumwa mwaka 1917 na kuandika mwaka 1954 kitabu chake cha historia, mila na desturi za Wagogo, alikuwa bingwa wa kuhesabu. Mwaka huo huo wa 1954 Kaluta Amri Abedi alitoa sheria zake za kutunga mashairi, na vizazi vya wanafunzi vimejifunza kwamba mshororo wa shairi la kawaida una mizani kumi na sita, nane kwa nane. Nani amepata kuliita jambo hilo hesabu? Mwalimu wa Kiswahili hulifundisha kama sheria ya adabu, na mwanafunzi huhesabu kwa vidole chini ya dawati kwa aibu. Ulipozuka ubishi wa mashairi huru, hasa baada ya Kichomi cha Kezilahabi mwaka 1974, pande zote mbili ziliichukua namba kana kwamba ni pingu: upande mmoja ukaisifu pingu, upande wa pili ukaikata. Zeze lingaliwafundisha namna ya tatu, ambayo namba haitoki nje kuja kukifunga kitu bali imo ndani ya kitu chenyewe tangu mwanzo. Na Mnyampala, aliyeijua nchi ya zeze na nchi ya mizani, alikuwa mtu wa kuulizwa. Alikufa mwaka 1969, ngonjera zake zikaenea shuleni, na swali hilo halikumfikia.

Lakini pana kosa la upande wa pili, nalo lazima litajwe. Mtu akishagundua kwamba sauti ya saba ina ushahidi wa fizikia, hupata tamaa ya kutangaza kwamba Wagogo walikuwa wanafizikia kabla ya Helmholtz. Hiyo ni sifa ya bure. Mpiga zeze hakujua mitetemo 700. Alijua sauti, na kujua sauti ni ujuzi kamili usiohitaji kuazima joho la ujuzi mwingine. Kadhalika si kila ilimba itakayopimwa itakubaliana na safu kwa ukamilifu. Vyuma vyake hutengenezwa kwa mkono, hukazwa na kulegezwa kwa sikio la fundi, na fundi mmoja si sawa na mwingine. Katika ilimba kubwa za aina aliyoipiga Hukwe Zawose, aliyetoka Ugogo akafundisha katika Chuo cha Sanaa Bagamoyo na kufariki mwaka 2003, mna vyuma ambavyo vidole havivigusi kabisa. Kazi yake ni kuitikia wenzake vinapolia. Fizikia hueleza vizuri sana namna chuma kinavyoitikia kisichokigusa. Haielezi ni kwa nini fundi alitaka kuitikiwa.

Hapo ndipo taaluma za utu hudai haki yao. Muheme ni ngoma ya wanawake, nayo imefungamana na unyago wa wasichana. Cipande huimbwa katika jando. Anayepima mapigo yake bila ya kujua hayo amepima maiti. Ugogo ni nchi ya mvua haba, na miaka yake mibaya ilipewa majina. Njaa ya 1917 hadi 1920, iliyokuja pamoja na vita vya wakubwa na kunyang’anywa kwa ng’ombe na nafaka, huitwa Mtunya mpaka leo, na wazee walipata kuhesabu umri wa watu kwa jina hilo. Mnyampala alizaliwa ndani yake. Kalenda ya namna hiyo ni hesabu, ni historia na ni fasihi kwa pamoja, wala hapana mtahini anayejua aiweke katika karatasi ipi.

Ugumu wa lugha nao haupungui. Mtoto wa Mtera huimba wimbo kwa Kigogo, huelezwa uwiano katika shule ya msingi kwa Kiswahili, na hutahiniwa mawimbi katika sekondari kwa Kiingereza. Mambo matatu ambayo ni jambo moja humjia katika nguo tatu, na kila mara hudhani amekutana na mgeni.

Wenye kusema kwamba muungano wa masomo wahitaji maabara na fedha nyingi wafikirie uzi wa sentimeta 70 uliokazwa juu ya ubao. Ukiguswa kwa ncha ya kidole, pasipo kukandamizwa, mahali palipo sentimeta 10 kutoka mwisho, kisha ukavutwa uta, hutoa sauti ya saba. Msichana aliyeambiwa ameshuka ataimba, na uzi utamwitikia. Mwalimu wa hesabu ataandika 70 kugawa kwa 10. Mwalimu wa fizikia ataeleza kwa nini sehemu nyingine za mtetemo zimenyamazishwa na kidole. Mwalimu wa historia atauliza wimbo huo uliimbwa lini na kwa nini. Linabaki tatizo moja la utawala, ambalo si dogo. Anayejua kuukaza uzi huo na kuuvuta ipasavyo ni mzee wa kijijini asiye na cheti cha ualimu, na ratiba ya shule haina kipindi chake.