Kidagaa Kilimwozea Nani?

Kama ulifanya KCSE kati ya 2013 na 2017, hata ukiamshwa usiku wa manane bado unaweza kueleza maudhui ya Kidagaa Kimemwozea. Na jibu lako nalijua: mtu huvuna alichopanda. Tulikariri hivyo, tukapata alama, tukawauzia wadogo zetu vitabu. Mwezi huu nimeisoma tena hapa Kiamaiko, bila mtihani wowote mbele yangu, na hilo jibu limenikwama kooni.

Tukumbushane kidogo. Riwaya hii ya Ken Walibora ilitoka 2012. Mtemi Nasaba Bora anatawala Sokomoko kama boma lake. Ardhi anayoringia ni ya Chichiri Hamadi, babu yake Amani. Mtemi aliighushia hati. Mzee akauawa, na Yusuf, mwanawe, akafungwa kwa mauaji ya baba yake mwenyewe. Halafu Mtemi anazaa na Lowela, na mtoto anaachwa kwenye kibanda cha Amani. Mwishowe siri zinafumuka, Mtemi anajiua, ardhi inarudi kwa wenyewe. Hesabu imelingana, funga kitabu.

Lakini ebu angalia hiyo hesabu polepole. Nani alivuna kwanza? Yusuf alikula miaka ya jela. Uhuru, yule mtoto mchanga, alikufa kabla hajajua kutembea. Amani na Imani wakatupwa ndani kwa kifo ambacho hawakukisababisha. Aliyepanda ni Mtemi, lakini kwa kurasa nyingi sana yeye anakula na kushiba huku mavuno yake yakibebwa na watu wengine. Hapo ndipo Walibora ni mkali, na hapo ndipo tulipopita mbio darasani tukitafuta tamathali za usemi.

Mahali ananipoteza ni mwisho. Majina yenyewe yashamaliza kesi mapema: ukikutana na mtu anaitwa Amani na mwingine Madhubuti, unajua nani atabaki amesimama. Na Mtemi anakufa bila kupanda kizimbani. Kifo chake kinatupa raha ya haraka, lakini hakimrudishii Yusuf hata siku moja. Riwaya inaonyesha deni kubwa, kisha inatuomba tuamini limelipwa.

Mtaani hatuamini rahisi hivyo. Tarehe 29 Aprili 2016, jengo la ghorofa liliporomoka Huruma, hapo tu jirani yetu, na watu karibu 50 wakafa. Aliyepanda hapo ni aliyejenga vibaya na aliyefumba macho. Waliovuna ni wapangaji, watu waliolipa kodi. Machi 2020, siku chache baada ya kafyu kuanza, mtoto wa miaka 13 alipigwa risasi hapa Kiamaiko akiwa kwenye baraza ya ghorofa ya kwao. Afisa wa polisi alishtakiwa. Lakini huyo mtoto alikuwa amepanda nini?

Shida ni kwamba hii methali tunaitumia kinyumenyume. Tunaona mtu ameanguka, tunarudi nyuma kumtafutia mbegu. Nilipoacha chuo karo ilipokosekana, jirani mmoja aliniambia kwa upole kabisa kwamba lazima kuna mahali familia yetu ilikosea kupanda. Wengine wameigeuza biashara: 2014, KTN walipoanika mambo ya mhubiri mmoja wa Nairobi, nchi nzima ilijifunza kwamba mbegu ni shilingi 310. Maskini anaambiwa njaa yake ni ushahidi kwamba hajapanda vya kutosha.

Na Biblia yenyewe haiko upande wao. Kwenye kitabu cha Ayubu, anayemtupia mgonjwa hoja ya kulima na kuvuna ni Elifazi, rafiki yake, sura ya 4. Sura ya 42 Mungu anamkasirikia Elifazi na wenzake wawili kwa kusema yasiyo sawa. Paulo naye, kwenye Wagalatia 6, akishataja mavuno anaendelea moja kwa moja kuwaambia watu wasichoke kutenda mema. Anaongea na mtu ambaye bado ameshika mbegu mkononi. Haongei na mama aliyekaa matangani.

Halafu kuna kifo cha Walibora mwenyewe. Ijumaa Kuu, 10 Aprili 2020, aligongwa na matatu kwenye Landhies Road, karibu na Muthurwa, barabara ambayo sisi wa Eastlands tunaipita kila siku tukienda tao. Familia ilimpata siku kadhaa baadaye, mochari ya Kenyatta. Huyu ni mtu aliyetupa Siku Njema, aliyefanya vijana wengi waone Kiswahili si somo la kuchosha tu. Lile jibu letu la KCSE halina la kusema hapa. Ukilitumia, unamtukana.

Lakini kile kitabu nilichokisoma mwezi huu kina la kusema. Kinasema mbegu ya mtu huliwa na wengine, mbaya na nzuri. Madhubuti alizaliwa ndani ya wizi wa baba yake, akarudi kutoka Urusi akaukataa. Na mimi ninayeandika makala kwa Kiswahili nikilipwa kidogo kidogo ninakula shamba ambalo Walibora alilima na hakukaa alione.

Kwa hivyo naipendekeza, hata na mwisho wake uliopigwa pasi. Kama nakala yako bado iko chini ya kitanda, itoe. Safari hii usikimbilie kuona Mtemi atapata nini. Chukua kalamu, uandike pembeni majina ya wote waliokula mavuno yake kabla yamfikie yeye.