"Naja" au "Nakwenda"? Vitenzi vya Mwendo katika Kihispania na Kazi ya Mfasiri

Mwanafunzi wa Kihispania hufundishwa mapema kwamba "venir" ni kuja na "ir" ni kwenda. Baadaye huambiwa kwamba "traer" ni kuleta na "llevar" ni kupeleka. Orodha hiyo haina kosa la wazi, na hapo ndipo ilipo hatari yake. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba vitenzi hivi havitaji mwendo peke yake. Vinataja pia nani amefanywa kitovu cha mwendo huo, na juu ya kitovu hicho Kihispania na Kiswahili havikubaliani.

Tuanze na jambo la kila siku. Mtu yumo chumbani, na mwenzake anamwita kutoka mezani. Mswahili ataitika, kisha atasema, "Naja." Msemaji wa Kihispania atasema, "Voy", au "Ya voy", yaani, tukifuata neno kwa neno, "nakwenda". Nilipokuwa nikisomea shahada ya pili ng'ambo, nilikaa nyumba moja na mwanafunzi ambaye Kihispania ni lugha yake ya kuzaliwa. Siku moja aliponiita chakulani nilimjibu, "Ya vengo." Nilipotoka chumbani nilikuta sahani yangu imefunikwa, naye amekwisha kula. Kwake yeye nilikuwa nimeaga, maana katika usemi wa wengi maneno hayo ni ya mtu anayetoka na kuahidi kurudi sasa hivi. Nafsi na wakati wa kitenzi vilikuwa sahihi. Kitenzi chenyewe ndicho kilichosimama mahali pasipo pake.

Kanuni yenyewe si ngumu kuieleza. Katika Kihispania "venir" huelekea mahali alipo msemaji, au atakapokuwapo tendo litakapofanyika. Kwa hiyo yafaa kumwuliza mtu, "¿Vienes a mi fiesta?", kwa kuwa mwenye sherehe atakuwapo kumpokea. Lakini msemaji akimfuata msikilizaji, mwendo huo ni "ir". Kadhalika, anayeahidi kumfikishia mwenziwe kitabu nyumbani kwake husema, "Te llevo el libro", wala hatumii "traer".

Kiswahili kinamruhusu msemaji ahame kwa mawazo na kusimama alipo msikilizaji: "Nitakuja kwako kesho", "Nitakuletea kitabu". Tena hakiruhusu tu. Aghalabu kinadai hivyo. Nikimwambia mtu, "Nitakwenda kwako kesho", nadokeza kwamba yeye mwenyewe hatakuwapo. Nikimwambia, "Nitakupelekea kitabu", aweza kuelewa kwamba nitakifikisha kwa mtu mwingine kwa niaba yake.

Charles Fillmore, katika mihadhara aliyoitoa Santa Cruz mwaka 1971, alionyesha kwamba vitenzi vya kuja na kwenda haviwezi kufafanuliwa bila kuzingatia alipo msemaji, alipo msikilizaji, na wakati wa tendo. Kiingereza, ambacho ndicho kilichompa mifano mingi, nacho humruhusu msemaji "kuja" kwa msikilizaji. Kwa hiyo mwanafunzi wetu anayejifunza Kihispania kwa kupitia Kiingereza hapati onyo lolote. Lugha yake ya kwanza na lugha ya kitabu chake zinakubaliana, naye anadhani kwamba makubaliano hayo ni sheria ya ulimwengu.

Wako watakaotaka kueleza tofauti hii kwa tabia za watu. Watasema kwamba Mswahili, kwa adabu yake, humweka mwenziwe katikati, na kwamba msemaji wa Kihispania hujiweka mwenyewe. Hoja hii yapendeza masikioni, lakini haisimami. Kikatalani, kinachosemwa katika nchi hiyo hiyo ya Hispania, humjibu aitaye kwa "vinc", yaani "naja", sawa na sisi. Kireno, upande wa pili, hukubaliana na Kihispania. Zote tatu ni binti za Kilatini. Ikiwa jirani na ndugu wanatofautiana hivi, hatuwezi kuisingizia damu wala adabu. Ni desturi ya lugha, nayo hujifunzwa kama desturi.

Kwa nini jambo hili lihusu idara ya lugha za Kiafrika? Kwanza, Kihispania ni lugha rasmi ya nchi ya Afrika, Guinea ya Ikweta, iliyopata uhuru mwaka 1968, nayo ina fasihi yake; riwaya ya Donato Ndongo-Bidyogo, Las tinieblas de tu memoria negra, ilitoka mwaka 1987. Pili, Kihispania na Kiswahili zote ni lugha rasmi za Umoja wa Afrika. Hatuna budi kuwa na wafasiri watakaovuka kutoka lugha moja hadi nyingine pasipo kupitia Kiingereza.

Mfasiri huyo atakutana na tatizo letu katika kila mazungumzo. Mhusika akiitwa na kujibu "Voy", tafsiri ya "Nakwenda" itamfanya aonekane anaondoka, hali yuaja. Na akisema "Iré a tu casa", mfasiri hawezi kuandika neno mpaka ajue kama mwenye nyumba atakuwapo: akiwapo, ni "nitakuja", asipokuwapo, ni "nitakwenda". Kihispania hakikulazimika kusema hilo, Kiswahili kinalazimika. Jibu halimo katika kamusi. Limo katika kurasa zilizotangulia, naye hana budi kurudi kuzisoma.

Kwa maoni yetu, basi, walimu wa lugha za kigeni katika vyuo vyetu wasiridhike na orodha za maneno yaliyopangwa mawili mawili. Kila kitenzi cha mwendo kifundishwe pamoja na watu wawili na mahali pawili, na mwanafunzi aulizwe: nani anasema, amesimama wapi, na anayeambiwa yuko wapi? Zaidi ya hayo, tuyaulize maswali hayo hayo juu ya Kiswahili chenyewe. Mimi sikuwahi kujiuliza kwa nini husema "naja" ninapoitwa, mpaka siku ile nilipokula chakula kilichopoa.