Askari wa 1871 na meli ya masanduku 5,000

Hadithi za kubuni za kisayansi zimemzoea askari aliyeng'olewa katika wakati wake na kutupwa katika wakati mwingine, akajikuta ameshika silaha isiyolingana na vita vinavyomzunguka, huku majeshi mawili yakigombea chombo kilichotoka ulimwengu asioujua. Eneo la Maziwa Makuu lilimpata askari huyo bila mtunzi yeyote kumbuni. Kati ya Agosti 1914 na Novemba 1918, kuanzia uwanda wa lava wa Goma hadi Ziwa Tanganyika na mto Chambeshi, walipigana watu waliokabidhiwa bunduki zilizosanifiwa kabla wengi wao hawajazaliwa, na katikati ya ugomvi wao ilikuwapo meli moja ya chuma iliyoletwa kutoka Ujerumani ikiwa vipandevipande. Hoja ya uchambuzi huu ni kwamba ugomvi wa meli hiyo uliamuliwa na tarehe zaidi kuliko mizinga: kila upande ulipigana kwa kufuata taarifa zilizokwisha kupitwa na wakati, na gharama ya kuchelewa huko ilibebwa na askari na mpagazi.

Mabanga, mtaa wa Goma uliogawanyika leo kuwa Kaskazini na Kusini ndani ya komine ya Karisimbi, umekaa juu ya uwanda mweusi ulioteremshwa na volkano, mwendo mfupi tu kutoka mpaka wa Rwanda. Mpaka huo ulikuwa bado mbichi vita vilipoanza, kwa kuwa mkataba uliougawa ukanda wa Kivu kati ya Ubelgiji, Ujerumani na Uingereza ulitiwa saini Brussels mwaka 1910. Upande wa Goma walikaa askari wa Force Publique, yaani jeshi la kikoloni la Kongo lililokuwa na Waafrika wapatao 17,000 chini ya maofisa wa Kizungu, na upande wa Gisenyi walikaa askari wa Wajerumani chini ya Kapteni Max Wintgens, ambaye tarehe 24 Septemba 1914 alikiteka kisiwa cha Idjwi na hivyo kulitawala Ziwa Kivu. Mkazi wa Mabanga anayeinua macho kuutazama mlima Nyiragongo anautazama pia mwanzo wa jina la meli inayozungumziwa hapa, kwani Mzungu wa kwanza kuupanda, mwaka 1894, alikuwa Gustav Adolf von Götzen, ambaye baadaye alikuwa gavana wa Afrika Mashariki ya Kijerumani kuanzia 1901 hadi 1906, miaka ambayo ndani yake vita vya Maji Maji vilizuka na kuanza kukandamizwa kikatili, na ambaye meli hiyo ilipewa jina lake.

Ili kuelewa kwa nini askari wa Goma alikuwa nje ya wakati wake, inafaa kuitazama bunduki yake kwa karibu. Askari wengi wa Force Publique walianza vita na bunduki aina ya Albini, iliyosanifiwa katika miaka ya 1860, yenye mtutu wa milimita 11 na chemba ya risasi moja. Ili afyatue, askari aliivuta nyundo nyuma, akakishika kitufe cha kifuniko cha chemba na kukifungua kwenda juu na mbele, ganda tupu likachomolewa, akatia risasi nyingine kwa vidole, akafunga, akalenga upya. Na hatua hizo zote alizirudia kwa kila risasi moja. Risasi yenyewe ilisukumwa na baruti nyeusi, yaani mchanganyiko wa kale wa mkaa, shura na salfa, ambao unapoungua zaidi ya nusu ya uzito wake hubaki kuwa chembe ngumu badala ya gesi. Chembe hizo ndizo moshi mzito mweupe unaotanda mbele ya mfyatuaji, na sehemu yake nyingine huganda ndani ya mtutu. Baruti isiyo na moshi, inayotokana na selulosi iliyotiwa asidi ya naitriki, ilikuwa imegunduliwa Ufaransa mwaka 1884 na kufikia 1914 ilitumiwa na kila jeshi kubwa la Ulaya katika bunduki za kufyatua risasi kadhaa mfululizo, ambazo risasi zake ndogo zilikwenda kwa kasi karibu maradufu ya ile ya Albini.

Madhara ya tofauti hiyo hayaishii katika idadi ya risasi kwa dakika. Askari mwenye baruti nyeusi hutangaza mahali alipo kila anapofyatua, naye mwenyewe hufungwa macho na moshi wake, kwa hiyo hawezi kusahihisha shabaha yake kabla upepo haujausafisha. Na akikabiliana na bombomu, yaani bunduki ya rashasha, moshi huo huwa alama ya kulengwa. Juu ya lava hali ilizidi kuwa mbaya, kwa sababu handaki halichimbiki kwa jembe katika mwamba huo, na kinga pekee inayopatikana kwa haraka ni ukuta wa mawe yaliyopangwa, ambao risasi ikiupiga hurusha vipande vikali vya jiwe kwa waliojificha nyuma yake.

Askari wa upande wa pili hakuwa na wakati bora sana. Kampuni nyingi za Wajerumani katika Afrika Mashariki zilianza vita na bunduki ya Mauser ya mwaka 1871, nayo ya baruti nyeusi, na kampuni chache tu ndizo zilizokuwa na bunduki ya 1898. Nafuu yao ilikuja Aprili 1915, meli ya mizigo Rubens ilipofika ghuba ya Manza karibu na Tanga, ikashambuliwa na meli ya kivita ya Waingereza na kuzama katika maji ya kina kifupi, lakini mizigo yake, pamoja na bunduki za kisasa zipatazo 1,800, ikaopolewa. Kwa hiyo katika jeshi moja, askari wawili waliosimama bega kwa bega waliweza kuwa wametenganishwa na miaka 27 ya ufundi. Tofauti hiyo haikutokana na ujuzi wao. Ilitokana na maamuzi ya wakuu wa ghala za silaha huko Ulaya, ambao waliona kwamba silaha iliyokwisha kustaafishwa kwao ilimtosha Mwafrika, na ni haki kusema wazi kwamba uamuzi huo uliua watu.

Wakati askari hao wakitazamana Goma na Gisenyi, mamia ya kilomita kusini mwao kilikuwa kinaunganishwa chombo cha aina nyingine kabisa. Meli Graf von Götzen iliundwa mwaka 1913 katika kiwanda cha Meyer huko Papenburg, kaskazini mwa Ujerumani, ikaunganishwa kwa muda ili kuhakikisha kwamba vipande vinaingiliana, kisha ikafunguliwa tena na kufungwa katika masanduku yapatayo 5,000. Masanduku hayo yalisafirishwa hadi Dar es Salaam, yakapandishwa reli ya kati, ambayo ilikuwa ndiyo kwanza imefika Kigoma mwaka 1914, na huko mafundi watatu wa kiwanda hicho wakiongozwa na Anton Rüter wakishirikiana na vibarua wa Kiafrika na wa Kihindi wakaipigilia upya ribiti kwa ribiti. Iliteremshwa majini Februari 1915 na kuanza kazi Juni mwaka huohuo, ikiwa na urefu wa zaidi ya mita 70, kubwa kuliko chombo chochote kilichowahi kuelea katika ziwa hilo.

Uwezo wake ulikuwa katika hesabu rahisi. Ziwa Tanganyika lina urefu wa kilomita zipatazo 670, na meli iliyoweza kuchukua askari 800 hadi 900 kwa safari moja kutoka Kigoma hadi Bismarckburg, yaani Kasanga ya leo, iliwapa Wajerumani nafasi ya kutumia kikosi kilekile kaskazini wiki hii na kusini wiki ijayo, huku Wabelgiji wakilazimika kulinda pwani nzima ya Kongo bila kujua watapigwa wapi. Meli yao pekee iliyostahili kutajwa, Alexandre Delcommune, ilikwisha kuharibiwa Agosti 1914. Juu ya sitaha ya Götzen uliwekwa mzinga wa milimita 105 ulioopolewa kutoka manowari Königsberg, iliyoangamia katika delta ya Rufiji Julai 1915, na mzinga huo ulikuwa na nguvu kuliko chochote ambacho wapinzani walikuwa nacho ziwani.

Jibu la Waingereza lilifuata njia ileile ya kukileta chombo kizima kutoka mbali. Boti mbili za injini, Mimi na Toutou, zenye urefu wa mita 12 hivi, zilisafirishwa hadi Cape Town, zikapanda reli hadi Fungurume huko Katanga, zikakokotwa na matrekta ya mvuke na ng'ombe kuvuka milima ya Mitumba, zikashuka mto Lualaba hadi Kabalo, na kwa reli zikafika Ziwa Tanganyika, ambako ziliteremshwa majini siku za mwisho za Desemba 1915 chini ya Geoffrey Spicer-Simson. Tarehe 26 Desemba ziliiteka meli ndogo ya Wajerumani, Kingani, na tarehe 9 Februari 1916 zikaizamisha Hedwig von Wissmann. Vitabu vingi vinalisimulia tukio hilo kama mkasa wa kuchekesha wa maofisa wa kigeni, na usimulizi huo unawaonea maelfu ya Wakongo waliokata miti, wakajenga madaraja na kutengeneza njia ambayo boti hizo zilipitia.

Götzen yenyewe ilipotokea siku moja baada ya Hedwig von Wissmann kuzama, Spicer-Simson alikataa kuishambulia. Kwa hesabu ya mizinga alikuwa sahihi, lakini athari ya kukataa huko ni kwamba meli iliendelea kutawala ziwa kwa sifa yake tu. Hapa ndipo suala la tarehe linapojitokeza wazi kuliko popote. Wabelgiji walipata kutoka Uingereza ndege nne za kutua majini aina ya Short, wakazipitisha Matadi, Kinshasa na Kisangani hadi kwenye wangwa wa Tungwe karibu na Mtoa, kwa kuwa mawimbi ya ziwa lenyewe yalikuwa makubwa mno kwa chombo chepesi kama hicho kurukia, na mnamo Juni na Julai 1916 marubani wao wakaidondoshea Kigoma mabomu wakiilenga Götzen. Kufikia wakati huo mzinga wa Königsberg ulikuwa umekwisha kuondolewa na kupelekwa kwenye vita vya nchi kavu, na mahali pake pakawekwa mzinga wa bandia wa mbao. Ndege, yaani chombo kipya kuliko vyote katika vita hivyo, zilitumwa kuipiga hatari iliyokuwa haipo tena, na gogo lililochongwa likafanya kazi ya mzinga kwa muda wote ambao taarifa sahihi haikulivuka ziwa.

Kilichoiangusha Kigoma kilitoka nchi kavu. Jenerali wa Wabelgiji, Charles Tombeur, alikuwa ameyagawa majeshi yake katika brigedi mbili, moja ya kaskazini chini ya Philippe Molitor na moja ya kusini chini ya Frederik Olsen, na mpango wake, ulioanza kutekelezwa Aprili 1916, ulikwepa kuugonga ukuta wa Gisenyi uso kwa uso. Brigedi ya kaskazini ilizunguka kupitia mpaka wa Uganda na kuingia Kigali tarehe 6 Mei, na ile ya kusini ikavuka mto Ruzizi, kwa hiyo Wintgens aliyeilinda Gisenyi kwa zaidi ya mwaka mmoja na nusu akalazimika kuiacha mwezi huohuo kabla njia yake ya nyuma haijakatwa. Kwa askari wa Goma mwenye silaha ya polepole, huo ulikuwa mpango wa busara, kwa sababu ulimwondoa mahali ambapo moshi wake ungemuua na kumtaka atumie kile alichokimudu kuliko adui yeyote, yaani miguu.

Hata hivyo miguu hiyo ilikula. Mpagazi hubeba mzigo wa kilo 25 hivi, naye huhitaji karibu kilo moja ya chakula kila siku, kwa hiyo asipopata chakula njiani atakuwa ameumaliza mzigo wake wote katika siku 25, na kama anatakiwa kurudi alikotoka, ukomo wake ni mwendo wa siku 12 tu, tena akifika bila kuwa na cha kumpa askari. Hesabu hiyo ndiyo inayoeleza idadi inayotajwa mara nyingi kwa upande wa Kongo, watu wapatao 260,000 walioitwa kubeba, na ndiyo inayoeleza pia njaa iliyovikumba vijiji vilivyopitiwa na majeshi. Msukuma chukudu, yaani kigari cha mbao cha magurudumu mawili, wa Mabanga anayepeleka viazi sokoni juu ya lava anajua kwamba kilo ya mwisho ndiyo nzito kuliko zote. Makamanda wa 1916 waliijua kanuni hiyo, wakaigeuza kuwa karatasi ya amri na kuiacha juu ya migongo ya watu wengine.

Olsen alipoikaribia Kigoma, Wajerumani waliamua kuizamisha Götzen wao wenyewe, na namna walivyofanya hivyo inastahili kusifiwa kama kazi ya ufundi. Rüter na wenzake waliipaka injini grisi nzito ili maji yasiitie kutu, wakaijaza meli mchanga ili itulie chini, na tarehe 26 Julai 1916 wakaizamisha taratibu karibu na mdomo wa mto Malagarasi, siku mbili kabla Wabelgiji hawajaingia mjini. Wabelgiji waliiibua baadaye ikazama tena bandarini kwa dhoruba, Waingereza wakaiibua mwaka 1924, wakakuta injini zake bado zinafaa, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba.

Askari hakupakwa grisi. Tabora ilitekwa Septemba 1916, lakini wale waliomfuata kamanda wa Wajerumani, Paul von Lettow-Vorbeck, waliendelea kutembea hadi Msumbiji na kurudi, na tarehe 13 Novemba 1918 walikuwa katika eneo la Kasama, Zambia ya leo, bado wakipigana, siku mbili baada ya vita kusimamishwa Ulaya, kwa sababu simu ya maandishi iliyobeba habari hiyo ilikuwa bado njiani. Walisalimu amri Abercorn, yaani Mbala, tarehe 25 Novemba, na silaha walizoziweka chini zilikuwa mzinga mmoja wa Kireno, bombomu 37 ambazo 30 kati yake zilikuwa za Kiingereza, na bunduki 1,071 za Kiingereza na za Kireno. Walikuwa wamezifikia silaha za wakati wao kwa kuzinyakua kwa adui. Kutoka hapo walivushwa ziwani hadi Kigoma na kupelekwa kambini Tabora, ambako baadhi yao, waliokwisha kunusurika miaka minne ya vita, waliuawa na homa ya mafua iliyokuwa ikienea duniani mwaka huo.