Onyo liko kwa pakiti, mzee yuko na kiko

Wandugu, mimi sipingi sheria ya tumbako, napinga namna tunaipeleka kwa watu. Kongo iliridhia mkataba wa OMS mwaka 2005. Kifungu cha 11 kinataka onyo liandikwe kwa kila pakiti. Sawa. Lakini ku soko ya Kadutu tumbako ya majani haina pakiti. Mzee anayejaza kiko yake atasoma onyo wapi? Akisikia "serikali inakataza", anaogopa tu kunyang'anywa kitu ya bakubwa. Juu ya mapafu yake hakuna aliyemwambia. Na moshi ya kiko inaua pia. Sisi wenye diploma tunaelewa Kifaransa cha sheria. Basi tumuelezee kwa Mashi, na heshima, mbele ya kumkataza.