Mkono wa mkamaji na mrija wa dawa

Mfugaji wa Mtopanga mwenye ng'ombe watatu bandani akiona maziwa yametoka na mabonge, jambo la kwanza ni kukimbilia duka la dawa kununua mrija wa antibiotiki wa kutia chuchuni. Mabonge yakiisha, huhesabu amemaliza. Kumbe maambukizo mengi ya kiwele hayaonyeshi bonge wala uvimbe, na bakteria wa kuambukiza, Streptokokasi agalaktiae na Stafilokokasi aureasi, huhama wakati wa kukama: kwa mkono uleule, kitambaa kilekile, kopo lilelile la mafuta ya kukamia.

Miaka ya 1960 watafiti wa Shinfield, karibu na Reading, Uingereza, wakiwemo Neave na Dodd, waliutazama ugonjwa huu kihesabu. Wingi wa viwele vinavyougua hutokana na mambo mawili: maambukizo mapya yanaingia kwa kasi gani, na kila moja linakaa muda gani. Kuchovya chuchu katika dawa ya iodini mara baada ya kukama kulipunguza maambukizo mapya kwa takriban nusu, lakini hakumponyi aliyekwisha kuambukizwa. Kwake yeye, walitia antibiotiki katika kila chuchu siku ya kumkausha, yaani ya kuacha kumkama. Dawa hukaa kiweleni muda mrefu bila kukamuliwa, wala hakuna maziwa ya kumwaga.

Hili la kumwaga ndilo linalouma. Anayetibiwa akiwa anakamwa, maziwa yake yote hayauzwi wala kunywewa mpaka siku zilizoandikwa kwenye dawa ziishe, hata yale ya chuchu tatu nzima. Kuchemsha hakuondoi antibiotiki.

Kabla ya mrija, basi, pimeni. Kipimo cha California, cha mwaka 1957, ni kisahani chenye vikombe vinne na dawa ya sabuni. Maziwa ya chuchu yenye ugonjwa huganda kama ute. Lakini kipimo hiki hakitaji jina la bakteria, na jina ndilo linaloamua. Agalaktiae hutibika kwa penisilini, hata ng'ombe akiwa anakamwa. Aureasi hujificha ndani ya makovu ya kiwele, dawa isimfikie. Kwa ng'ombe mzee aliyeugua muda mrefu, mimi nisingetia mrija wa tatu. Akamwe wa mwisho, mikono ioshwe, kila ng'ombe awe na kitambaa chake. Asipopona baada ya kukaushwa, siku za dawa zikiisha auzwe kwa mchinjaji, si kwa jirani mwenye banda.