Namba Iliyosingiziwa Utasa

Shuleni tunaiita tasa namba isiyogawanyika ila kwa 1 na kwa yenyewe. Mwaka 1640 Pierre de Fermat, mwanasheria wa Toulouse aliyependa hesabu kuliko kesi, aliipa jina hilo 4,294,967,297. Alikuwa ameipandisha 2 kwa vipeo vya 1, 2, 4, 8 na 16, kila mara akiongeza 1, akapata 3, 5, 17, 257 na 65,537. Zote tasa. Iliyofuata ni 2³² + 1, naye akaamini haiwezi kuwaacha dada zake.

Mwaka 1729 Christian Goldbach alimwandikia Leonhard Euler barua akimuuliza kama analijua dai hilo. Mwaka 1732 Euler akawataja watoto wawili wa huyo aliyeitwa tasa: 641 na 6,700,417.

Hiyo 641 hupatikanaje? Anayegawanya kibubusa kwa 2, 3, 5, 7 na tasa zinazofuata ataikuta katika jaribio la 116. Inachosha, lakini si kazi ya mwaka. Baadaye Euler alieleza njia ya mkato. Tuseme namba tasa p inaigawanya 2³² + 1. Basi 2³² ikigawanywa kwa p hubakisha pungufu ya 1, yaani −1, na 2⁶⁴ hubakisha 1. Hakuna kipeo kidogo kuliko 64 kinachobakisha 1. Lakini kipeo cha p − 1 nacho daima hubakisha 1, kwa hiyo lazima p − 1 igawanyike kwa 64. Tasa za namna hiyo ni adimu: 193, 257, 449, 577, 641. Majaribio 116 yamekuwa matano.

Na ile kanuni ya kipeo cha p − 1 ni ya nani? Ni ya Fermat mwenyewe, tena aliiandika mwaka ule ule wa 1640. Ufunguo ulikuwa mfukoni mwake.

Ukishaijua 641, kuihakiki hakuhitaji hata kikokotoo. Ni 5 × 2⁷ + 1. Pia ni 5⁴ + 2⁴. Kwa hiyo, tukihesabu mabaki ya kugawanya kwa 641, 5 × 2⁷ ni −1. Ipandishe kwa kipeo cha 4: 5⁴ × 2²⁸ ni 1. Sasa weka −2⁴ mahali pa 5⁴, upate −2³² ni 1. Basi 2³² + 1 haibakishi kitu. Mimi hurudia mistari hii kwa raha tu.

Zidisha zile tano za mwanzo: 3 × 5 × 17 × 257 × 65,537. Unapata 4,294,967,295, pungufu ya namba yetu kwa 2 tu, na ndiyo namba kubwa kabisa inayoenea katika biti 32 za kompyuta. Katika ukoo huo, baada ya 65,537, haijapatikana tasa nyingine hadi leo.